Chama cha urafiki Tanzania–China: nijiunge, au ni kujaza viti tu?

Mhitimu_Wuhan aliuliza:

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni.

Nilisoma uzamili Wuhan, sasa nipo Dar na Kichina nakiongea bila shida. Jamaa niliyesoma naye ananishawishi nijiunge na chama cha urafiki kati ya Tanzania na China. Kuna fomu, kiingilio na ada ya mwaka. Nimepitia picha za shughuli zao: keki inakatwa, wakubwa wamekaa mbele, hotuba, bendera mbili ndogo mezani. Kazi sijaiona. Wenye uzoefu naomba mnisaidie, vyama vya namna hii vinafanya nini hasa, na mtu asiye na cheo anaingia kufanya nini? Posho sitafuti. Sitaki tu niitwe kila ukumbi ukikosa watu.

Mtu_wa_Tandika:

Mkuu mbona umeshajijibu. Fulana, chakula cha mchana, picha ya pamoja. Balozi akiondoka mnaitwa kumuaga, akija mwingine mnaitwa kumpokea. Hiyo ada nunua vocha.

Mzee_wa_Reli:

Marahaba mwanangu. Huyo wa Tandika ana ukali lakini hajasema uongo. Hata hivyo nisikilize na mimi, maana nilikuwa miongoni mwa vijana wa Tanzania na Zambia waliopelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea mambo ya reli, na hivi vyama nimeviona vikichangamka na vikisinzia. Kusinzia ndiko kwingi.

Jua kwanza kwamba pande mbili za urafiki huu hazilingani. Wenzetu wana Chama cha Urafiki wa Watu wa China na Nchi za Nje, kilichoanzishwa 1954. Kina ofisi, kina waajiriwa, kinafanya kazi bega kwa bega na serikali yao, hadi mambo ya miji rafiki yanapitia kwao. Huku kwetu ni watu wa kujitolea: mwenyekiti mstaafu, katibu mwenye kazi yake nyingine, mweka hazina anayefukuzia ada kwa simu. Barua yao inaandikwa na idara nzima. Yetu inamsubiri katibu arudi msibani. Matokeo yake karibu kila ratiba inatoka upande wao, nasi tunapiga makofi. Siwalaumu. Mwenye muda wa kuandika ratiba ndiye anayeiandika.

Kwa hiyo ukiingia mikono mitupu utakaa kwenye kiti kweli. Ingia na kazi yako mkononi. Mimi nina moja, nimeitaja kwenye vikao mpaka nimechoka.

Reli ya TAZARA mnaijua kwa tarakimu: kilomita 1,860, mkopo usio na riba, ujenzi 1970 hadi 1975, makabidhiano Julai 1976. Niliporudi kutoka masomoni nilipangwa upande wa Mlimba, kule ambako njia inapanda kwenda Makambako kwa madaraja na mahandaki. Wataalamu wa Kichina walikuwa bado wapo, wanatufundisha. Fundi aliyenilea kazini Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Tulielewana kwa Kiswahili chake kibovu na Kichina changu kibovu zaidi, na treni zikapita.

Sasa nenda Majohe, kule Gongo la Mboto. Kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofia huku, yametunzwa vizuri, yana majina. Rais Xi Jinping alikwenda pale Machi 2013 kutoa heshima. Inafaa sana. Lakini kwenye ujenzi uleule walikufa na vijana wetu, Watanzania na Wazambia, na vibarua walikuwa maelfu kwa maelfu. Majina yao nionyeshe yaliandikwa kwenye jiwe gani. Wanaowakumbuka ni wazee wenzangu, na kila mwaka tunazikana. Kazi hiyo haihitaji balozi wala keki. Inataka mtu mwenye Kichina kama wewe, simu ya kurekodia, nauli ya treni, halafu mwenzako wa upande wa pili awatafute mafundi waliobaki hai huko China. Mazungumzo ya namna hiyo, kijiji kwa kijiji, ndiyo ningeyaita urafiki wa watu na watu.

Dada_Kariakoo:

Mzee heshima yako, ila urafiki wenu ni wa reli, sisi tunaishi na wa fremu. Mchina anafungua rejareja mlango wa pili kutoka kwangu, anauza chini ya bei niliyonunulia. Imebidi serikali itoe amri Julai 2025 kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Miaka yote tuliyolalamika, watu wa urafiki walikuwa wapi?

Mzee_wa_Reli:

Walikuwa ukumbini, binti yangu. Hilo silitetei.

Na tazama, wewe huyohuyo bila shaka mzigo wako unatoka Guangzhou au Yiwu. Kontena likifunguliwa ukakuta si ulichoagiza, unamlilia nani? Unapiga simu kwa wakala ambaye hapokei. Chama chenye wanachama wanaosoma Kichina kingeweza kukusomea mkataba kabla hujatuma fedha, na kingewaita wafanyabiashara wa Kichina waliopo hapa mjini mkae meza moja, mkalimani katikati, maneno makali yasemwe. Nilipolitoa wazo hili niliambiwa litaharibu uhusiano. Uhusiano ulioanza 1964 hauharibiwi na kikao cha Kariakoo.

Mhitimu_Wuhan:

Nimeelewa. Kabla ya kulipa niangalie nini?

Mzee_wa_Reli:

Omba katiba, cheti cha usajili na mahesabu ya mwaka uliopita. Cheti kitakuonyesha kama wapo chini ya Msajili wa Jumuiya kule Mambo ya Ndani au wamesajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali kwa sheria ya 2002. Uliza uchaguzi wa mwisho ulifanyika lini. Wakikuzungusha, funga mkoba. Wakikupa vyote, lipa, na kikao cha kwanza peleka wazo lako kwa maandishi, ukurasa mmoja, lugha zote mbili. Lugha zote mbili usisahau, hapo ndipo utawazidi wote.

Mhitimu_Wuhan:

Asante sana mzee. Hata wakikataa, hilo la Mlimba nitalifanya. Nikifika nianzie wapi?

Mzee_wa_Reli:

Barua ya utambulisho mpelekee mtendaji, ni utaratibu. Ila wazee wenyewe utaonyeshwa na akina mama wauza chai pale stesheni. Kunywa chai kwanza, simu ya kurekodia itoe baadaye.