MJADALA: Wagonjwa wa mapafu wakae kwenye kupanga kliniki, au tuwaachie madaktari?

Mtoa mada (Chake, Pemba): Asalaam alaykum. Kliniki za watu wenye ugonjwa sugu wa mapafu zikipangwa upya, wagonjwa wakae kikaoni toka mwanzo au waitwe mwisho waambiwe tu? Mie nasema toka mwanzo. Ugonjwa huu asubuhi ndo unabana zaidi, mtu anaamka anakohoa mpaka makohozi yatoke ndo apate pumzi ya kuvaa viatu, na sie kliniki tunaweka asubuhi hiyohiyo na ukitaka namba ya mbele utoke kwenu alfajiri. Nani kapanga hivo? Mtu mwenye pumzi zake. Kitanda usichokilalia... Uingereza, hospitali ya Luton, walifanya hivi kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, wakawarekodi video wakieleza walivyohudumiwa, kisha wao na watumishi wakakaa pamoja kubadilisha mambo.

Tabibu kijana: Kwa heshima, mgonjwa ukimwachia kupanga atataka sindano na dripu. Tiba yenyewe inajulikana, kuacha sigara, inhela (kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo), mazoezi ya pumzi. Kinachokosekana ni dawa na mashine ya kupima pumzi, na kikao hakijazi stoo. Kuhamisha kliniki toka asubuhi iwe mchana sikatai lakini nani atabaki zamu?

Mtoa mada: Dokta hakuna alosema mgonjwa aandike dawa. Ila hiyo inhela unayoitaja, kuna bi mkubwa hapa jirani kila akienda anaulizwa "unatumia?" anajibu natumia, basi, anaandikiwa nyengine. Siku moja nkamwambia hebu nioneshe bibi. Akaipuliza juu ya ulimi akafunga mdomo akameza! Hajawahi kuambiwa atoe pumzi nje kwanza, abonyeze huku anavuta polepole, kisha aizuie kama sekunde 10. Vidole vyenyewe vina baridi yabisi havibonyezi vizuri. Afrika Kusini walishapima chupa ya plastiki ya nusu lita ukiitoboa kitako ukachomeka inhela, mtoto akavutia dawa mdomoni mwa chupa, watoto wa pumu ikawasaidia sawa na spesa, kile kifaa cha dukani cha kuvutia dawa ya inhela. Bibi kama huyu angekuwepo kikaoni suala la vidole lingeibuka siku ya kwanza.

Binti Micheweni: Naunga mkono nusu. Kikao mtakiita kwa sheha, kiongozi wa mtaa, watakaa wanaume walewale, na wanaovuta moshi wa kuni na makumbi huko mekoni ni mama zetu ambao sigara hawajaishika maisha yao. Mama yangu mkimweka mbele ya sheha na daktari atasema alhamdulillah huduma nzuri tunashukuru, akirudi nyumbani ndo anamwaga yote, kwamba kaambiwa apikie gesi na hakuna aliyemuuliza mtungi ukiisha nani anaujaza. Kama mnataka ya kweli wafateni wanawake peke yao, majumbani, na aulize mwanamke mwenzao.

Tabibu kijana: Hapo dada umenibana. Hilo la gesi hata mie huwa nalisema nikapita.

Mzee wa Wete: Mie ndo mgonjwa mwenyewe, nlivuta toka kijana na sasa ngazi tatu tu nakaa kitako. Kuja ntakuja ila nauli mtoe, na mniambie mapema maoni yanakwenda kwa nani. Nshaitwa mara moja kutoa maoni, tukaandikwa majina tukapewa soda, mpaka leo sijui karatasi zile zimo kabati gani.