Kamati za wazazi shuleni zimegeuzwa danganya toto, na inafanyika hivi

Wakuu, leo bila kupepesa macho. Kamati ya wazazi ipo kwenye ubao wa matangazo, majina yapo, vyeo vipo. Uliza kamati hiyo imewahi kukataa nini. Kimya. Kazi yake ni kugonga mhuri kwenye jambo lililokwisha kuamuliwa ofisini, halafu mkija kulalamikia mchango mpya mnaambiwa, "Wawakilishi wenu walipitisha."

Mchezo unaanza kwenye barua ya mwaliko. Inatoka Ijumaa jioni ndani ya begi la mtoto, kikao ni Jumatatu saa tatu asubuhi, ajenda hakuna. Wakitokea watu 30 kati ya 400, mkuu wa shule anasikitika kwamba wazazi hawana mwamko. Mwamko gani siku ya kazi saa tatu asubuhi? Anayetaka watu waje anatangaza wiki mbili kabla, anaweka ajenda kwenye barua hiyohiyo, na anachagua saa ambayo mtu aliyeajiriwa anaweza kufika.

Halafu uchaguzi. Anayeongoza anauliza, "Mnampendekeza nani?" Jina moja linatoka mstari wa mbele, lilishapangwa tangu juzi. "Wanaomuunga mkono wanyooshe mikono." Nani ataacha mkono chini huku mwalimu wa mwanawe anamtazama? Dakika 4, kamati imepatikana, makofi.

Uchaguzi wa kweli hauanzii ukumbini. Kila mkondo uchague kwanza mwakilishi wake. Shule yenye madarasa 7, kila moja mikondo 2, inapata wawakilishi 14, na hao ndio wachague wajumbe wa kamati kati yao. Mkiruka hatua hiyo, darasa litakalojaza ukumbi siku hiyo litazoa viti vyote na mengine yatabaki bila msemaji. Majina yapokelewe kwa maandishi wiki nzima kabla. Kura iwe ya siri, zihesabiwe palepale mbele ya watu, na idadi ya kila mgombea iingie kwenye muhtasari. Nusu ya wajumbe watoke kila mwaka, si wote kwa mpigo, maana kamati mpya kabisa haijui hata faili la mwaka jana liko wapi. Na mlezi apige kura kama mzazi. Bibi anayemlea mjukuu asiambiwe akamlete "mzazi mwenyewe".

Hata hivyo mnaweza kuchagua vizuri na bado mkapigwa kwenye hesabu ya viti. Kamati ya watu 11 yenye wazazi 3 ni mapambo tu. Afrika Kusini waliliona hilo: Sheria ya Shule ya 1996 inataka wazazi kwenye bodi ya shule ya umma wawazidi kwa mmoja wajumbe wengine wote wenye kura wakijumlishwa, na mwenyekiti awe mzazi asiyeajiriwa na shule hiyo. Chicago nao, mageuzi ya 1988 yaliipa halmashauri ya shule viti 6 vya wazazi dhidi ya 2 vya walimu, 2 vya jamii na kimoja cha mkuu wa shule. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba haiwezekani. Kanuni za shule yako zikikaa kimya kuhusu idadi, hilo ndilo la kudai kabla ya kugombania nani awe mwenyekiti.

Sasa fedha, ambako ndiko uozo ulipo. Bajeti inagawiwa ukumbini, inasomwa mbio, kisha karatasi zinakusanywa mlangoni. Zinakusanywa! Mzazi anaondoka na kumbukumbu ya jumla kuu tu. Dai karatasi hiyo wiki moja kabla, ikiwa na safu 3: kilichopangwa, kilichotumika, kilichobaki. Usipoteze nguvu kwenye chaki na karatasi. Nenda kwenye "ukarabati" na "matumizi mengine", mistari minene isiyo na maelezo. Uliza bei zililinganishwa kwa wauzaji wangapi, nani alisaini malipo, na omba kuona leja ya stoo. Wengi wanaishia kwenye risiti. Risiti inaonyesha fedha zimelipwa. Leja ndiyo itakayokuambia kama mabati yalifika, mangapi, na nani aliyapokea.

Angalieni pia ajenda inavyopangwa. "Yatokanayo na kikao kilichopita" inarukwa kwa kisingizio cha muda, kwa sababu ndipo ahadi zinapodaiwa. Hoja za wazazi zinasukumwa "Mengineyo", saa ambayo nusu ya ukumbi imeshaondoka. Dawa: hoja ipelekwe kwa katibu kwa maandishi siku 7 kabla, iandikwe kwenye ajenda kwa namba yake. Na kila azimio kwenye muhtasari liwe na vitu viwili pembeni: jina la mhusika na tarehe. "Uongozi utalifanyia kazi" si azimio, ni usingizi.

Kundi la WhatsApp la shule msilihesabu kama ushirikishwaji. Limefungwa, anayeandika ni admini peke yake, na anaandika kuhusu ada.

Na sisi tuna madhambi yetu. Mzazi anasimama kwenye mkutano wa watu 200 kueleza mwanawe alivyonyang'anywa kalamu. Hilo ni la mwalimu wa darasa. Kikao ni cha mambo ya watoto wengi: vyoo, idadi ya wanafunzi kwa darasa, usalama wa geti. Wengine wakishachaguliwa hawarudi tena kwa waliowatuma. Mwakilishi anayejua kazi yake anakusanya maswali kabla ya kikao na kupeleka majibu ndani ya siku 3, hata kama jibu ni "wamekataa".

NYONGEZA: Naona wengi mnasema ukihoji, mtoto anaandamwa. Ndiyo maana hoja ya fedha haipelekwi na mtu mmoja. Mwakilishi wa mkondo aiandike kwa niaba ya mkondo, bila majina ya walioileta, nakala mbili: moja ibaki ofisini, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, arudi nayo. Ofisi ikikataa kugonga mhuri, ipelekwe kwa mamlaka ya elimu iliyo juu ya shule, na barua ieleze tarehe ilipokataliwa.