Saa ngapi angani, Dubai hadi Los Angeles

Mama: Jamani, tiketi ya mwanangu imetoka. Anaondoka Dubai tarehe 14 Julai saa 2 asubuhi, anafika Los Angeles siku hiyohiyo saa 7 mchana. Kumbe ni mwendo wa saa 5 tu!

Mjomba: Hapana dada. Saa ya kuondoka ni ya Dubai, ya kufika ni ya Los Angeles. Mwezi wa 7 Los Angeles iko nyuma ya Dubai kwa saa 11. Jumlisha na hizo 5. Ni saa 16 ndani ya ndege.

Mama: Saa 16!! Miguu si itavimba?

Shangazi: Mwambie achukue kiti cha ujiani ili ainuke bila kusumbua watu. Atembee kidogo kila mara na maji anywe.

Kaka: Mjomba, mtandaoni naona umbali ni kilomita 13,400 hivi. Ndege inakwenda kama 900 kwa saa. Nikigawanya napata karibu 15. Hiyo saa moja imeenda wapi?

Mjomba: Umeuliza vizuri. Hizo kilomita ni za njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na ndege haiifuati moja kwa moja. Inakwepa upepo wa mbele na dhoruba, inafuata njia ilizoruhusiwa. Halafu ile 900 ni kasi ya huko juu, wakati wa kupanda na kushuka ni pungufu. Na tiketi inahesabu kuanzia ndege inapoondoka getini mpaka inaposimama kule, pamoja na kutambaa kwenye lami.

Shangazi: Inavuka Atlantiki?

Mjomba: Mara nyingi inapanda kaskazini, inapita Urusi, karibu na Ncha ya Kaskazini, halafu inateremkia Kanada. Ukitazama ramani ya ukutani utaona kama inazunguka. Shika tufe, vuta uzi kati ya miji hiyo miwili, uzi wenyewe utapanda huko.

Kaka: Na dunia inavyozunguka, haipunguzi safari?

Mjomba: Hapana, hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo humo. Kinachobadilisha muda ni upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi. London kwenda New York ni kama saa 8, kurudi ni kama 7, na umbali ni uleule.

Mama: Sasa nianze kumtafuta saa ngapi?

Mjomba: Hesabu kwa saa za Dubai. Inatua saa 6 usiku. Mpe saa 2 za uhamiaji na mizigo. Na ukiifuatilia kwenye Flightradar24, ile programu inayoonyesha ndege ilipo, ikapotea huko kaskazini, usishtuke dada. Vipokezi vya ardhini vinavyonasa mawimbi ya ndege ni vichache sana kule.

Mama: Afadhali umesema, ningelia. Basi saa 8 usiku nampigia.

Shangazi: Akipokea tu, andika hapa. Nitakuwa macho.