Naomba ushauri: meza ya pleya ya santuri kwenye sakafu inayotikisika

Mrithi wa Santuri

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninaishi ghorofani katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja, yenye sakafu ya mbao iliyolazwa juu ya boriti. Ninakusudia kuchonga kwa mkono wangu meza ya kuwekea pleya ya santuri, amplifaya yenye uzito wa kilo 11 na santuri zipatazo 180 nilizoachiwa na marehemu baba, nyingi zikiwa za taarabu na muziki wa dansi. Kwa sasa vyote vimewekwa juu ya kabati la zamani, na mtoto akipita mbio tu, sindano huruka. Juma lililopita iliruka katikati ya kipande cha kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, na kuacha mkwaruzo, na sasa nasikia "tik" kila sekunde mbili kasorobo hivi, yaani kila santuri inapomaliza mzunguko mmoja.

Nimekwisha kununua mbao za mtiki za inchi 2 kwa 4 kwa miguu na fremu, na za inchi 1 kwa 10 kwa uso na rafu. Mchoro wangu una urefu wa sentimita 120, kina cha 45 na kimo cha 70, na spika mbili nimezipangia nafasi juu ya uso huo huo. Rafiki amenishauri niongeze bamba la marumaru ili uzito uue mtikisiko. Je, ni kweli?

Seremala wa Keko

Wa aleikum salaam, kaka. Mtiki ni chaguo jema, kwa kuwa hauchezi sana hewa ya unyevu inapobadilika na mchwa hawaupendi. Ungeniambia umenunua mwembe ningekuonya habari ya bungua. Kabla hujapiga randa, zilaze mbao hizo ndani ya chumba kile kile kwa majuma matatu au manne, ukitenganisha kila ubao na mwenzake kwa vijiti ili hewa ipite, kwa maana ubao uliokauka juani uani hubadilika tena ukiingia ndani.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni rafu ya santuri. Santuri ya inchi 12 pamoja na jalada lake hukaribia robo kilo, kwa hiyo 180 ni kama kilo 45, na ubao wa inchi 1 ukisharandwa hubaki na milimita 20 au 22 tu. Ukiuacha utambae sentimita 120 bila nguzo, baada ya mwaka mmoja utakuwa umebonyea kama kitanda cha kamba. Weka kizuizi cha wima katikati, kibebe rafu kutoka chini hadi fremu. Ukikata upana wa wazi kwa nusu, mbonyeo hupungua hadi kama sehemu moja ya kumi na sita, ilhali kuongeza unene wa ubao mara mbili kungekupa moja ya nane tu na kukugharimu zaidi. Jalada lina sentimita 31 na nusu hivi, basi acha kimo cha ndani cha 35 ili vidole vipate pa kushika.

Viungo vya miguu vifanye kwa ulimi unaoingia kwenye tundu, vyenye gundi, wala usitegemee skrubu peke yake, kwa sababu meza iliyofungwa kwa skrubu huanza kuyumba upande kwa upande mapema sana. Uso wa juu nao usiugandishe kwa gundi kwenye fremu. Ufunge kwa skrubu kupitia matundu marefu kidogo, kwa kuwa mbao hupanuka kwa upana wake wakati wa masika na kunywea kiangazi, na ukiuzuia utapasuka.

Fundi Spika

Meza ya fundi hapo juu ni nzuri, lakini haitaponya ugonjwa uliotajwa. Sakafu ndiyo inayocheza, na meza ikiwa na kilo 20 au 100, itapanda na kushuka pamoja na sakafu. Mkono wa sindano una mtikisiko wake wa asili, kwa kawaida kati ya hezi 8 na 12, yaani mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na kishindo cha mguu juu ya mbao huangukia karibu na hapo. Ndiyo maana sindano huruka. Marumaru haitasaidia, na vipande vya mpira chini ya miguu husaidia zaidi kwa mitikisiko ya kasi kuliko huu. Pleya itoe mezani uitundike ukutani. Spika nazo zisikae meza moja na pleya kwa hali yoyote, kwani sindano huokota ngurumo ya spika na kuirudisha huko huko hadi sauti ianze kuvuma. Amplifaya iachie sentimita 10 za hewa juu yake, na nyuma ya meza pasizibwe.

Mama Mpangaji

Samahani, fundi, ukuta huo umeuona? Nyumba zetu hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Niliwahi kutundika rafu ya vitabu kwa plagi za plastiki, na asubuhi moja niliikuta chini pamoja na kilo kadhaa za chokaa, mwenye nyumba akasimama mlangoni bila kusema neno. Kaka yangu, je, chumba chako hakina kidaka? Hicho kimejengwa ndani ya ukuta tangu mwanzo, nawe hutatoboa kitu.

Mrithi wa Santuri

Ahsante sana, dada. Kidaka kipo, kimejaa vikombe vya harusi ya mama. Jana usiku nilikiondoa vyombo, nikaweka bakuli la maji ndani yake na jingine juu ya kabati, nikamwomba mwanangu aruke katikati ya chumba. Maji ya kabatini yalimwagika ukingoni. Ya kidakani hata hayakutia mkunjo. Tatizo ni kwamba kidaka kina upana wa sentimita 52 na kina cha 28, na pleya ina kina cha 36.

Seremala wa Keko

Inatosha. Kata ubao wa mtiki wenye kina cha sentimita 38, uingie 28 na utokeze 10. Uzito mwingi wa pleya utakuwa ndani, hautapinduka. Usawazishe kwa kabari nyembamba huku ukitazama pimamaji, kwa maana chini ya kidaka hakuna ulalo wa kweli. Kifuniko cha pleya king'oe kwenye bawaba zake, kwani hakitafunguka humo. Meza nayo sasa ipunguze hadi sentimita 100, ibebe amplifaya na santuri tu, na mbao zitakazobaki zitengenezee stendi za spika.

Mrithi wa Santuri

Mbao nimezilaza chumbani leo, na vijiti nimeviweka. Vikombe bado havijapata pa kukaa.