Mchuzi wa berbere unanitokea mchungu, naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

MamaPangani: Habari zenu wapendwa. Tuna jirani Wahabeshi hapa Nairobi, watu wema sana. Kila Krismasi yao, mwezi wa Januari, hutuletea sinia la injera, ule mkate wao mwembamba kama chapati, na doro wat, mchuzi wao wa kuku. Ijumaa nataka niwaalike niwapikie mimi. Nimenunua berbere, ile pilipili yao ya unga iliyochanganywa na viungo, Eastleigh, nyekundu, inanukia vizuri. Lakini nikiipika kama mchuzi wetu, yaani mafuta, kitunguu, berbere, nyanya kisha kuku, unatoka mchungu na kukwaruza koo. Nibadilishe nini? Halafu mama mkwe hawezi pilipili.

MtuWaMoyale: Dada, nyanya ziache kabisa. Uzito wa doro wat unatokana na vitunguu vyekundu: kuku mmoja, vitunguu kilo nzima, vikatwe vidogo mno. Vitie kwenye sufuria nzito bila mafuta, moto mdogo, ukoroge mpaka vikauke maji na kuwa kahawia. Ni kama saa nzima, usiharakishe! Ndipo utie samli, kisha berbere vijiko vinne vya mezani. Uchungu unaanzia hapo, maana pilipili, uwatu na saumu iliyokaushwa vikikutana na mafuta makali vinaungua mara moja. Ikianza kushika chini, nyunyizia maji kidogo, koroga, rudia. Iive hivyo nusu saa kabla ya kuku kuingia. Kuku mtoe ngozi, mwoshe kwa ndimu na chumvi. Mayai ya kuchemsha yachanjwe juujuu, yatiwe mwishoni.

BintiLamu: Na samli usitie hivihivi. Wao wana niter kibbeh, yaani samli ya viungo: iyeyushe polepole pamoja na saumu, tangawizi, uwatu na iliki, halafu uchuje. Iliki yao, korarima, ni kubwa na ina harufu yake. Yetu tia punje chache tu.

NilikaaAddis: Subirini, Ijumaa? Kama ni Waorthodoksi, Jumatano na Ijumaa hawali nyama, mayai wala maziwa, isipokuwa siku 50 baada ya Pasaka yao. Watakaa mezani wasile, na kwa heshima yao hawatakwambia. Ulizia kwanza. Ikiwa lazima iwe Ijumaa, pika misir wat: kamande nyekundu, vitunguu na berbere vilevile, ila mafuta ya kupikia badala ya samli. Mama mkwe mpikie alicha, mchuzi wao usio mkali, wenye manjano bila berbere. Ni chakula cha heshima kwao, hataonekana ametengwa.

MamaPangani: Mungu awabariki. Nimemuuliza binti yao, kweli ni Waorthodoksi, na sasa si kipindi cha Pasaka. Nimehamishia Jumapili mchana: doro wat na alicha ya viazi na kabichi. Berbere itakayobaki niiweke wapi?

MtuWaMoyale: Chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, ndani ya friji. Usichote kwa kijiko chenye maji, itaota ukungu.