Naomba ushauri: kiti cha VIP na chakula Sheikh Amri Abeid, bei ya haki ni ipi?

Wadau wa soka wa Arusha na Moshi, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Tupo 20, tunataka VIP yenye chakula mechi ijayo pale Sheikh Amri Abeid. Bei tuliyopewa ni 90,000 kwa kichwa, kila kitu ndani. Inauma, maana "kila kitu" hakijachambuliwa popote.

Sisi tumepiga hesabu ya chakula tu. Nyama ya mbuzi nusu kilo mbichi kwa mtu, yaani kilo 10, na ikichomwa inapungua karibu theluthi, kwa hiyo chini ya hapo watu watagombania mifupa. Ndizi, kachumbari, soda mbili kila mtu: chupa 40, kreti mbili za chupa 24 zinatosha na kubaki. Hapo hatuoni 90,000 inatokea wapi, hata ukiweka tiketi.

Kinachoharibu zaidi ni muda. Mapumziko ni dakika 15. Mhudumu mmoja akigawia watu 20, kila mtu anapata sekunde 45, na wa mwisho anakula kipindi cha pili kimeshaanza. Afadhali chakula kitoke saa nzima kabla ya mpira, mapumziko yabaki ya soda tu.

Naomba mnisaidie: mtoa huduma mnamdai mchanganuo gani kwa maandishi? Malipo ya awali nusu au theluthi? Na mechi ikiahirishwa, nyama ikiwa imeshanunuliwa, hasara mnagawana vipi?