Mrejesho: Mafunzo na ufadhili wa sayansi ya bahari nikiwa Mbeya

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niliuliza hapa kama mhitimu wa sayansi ya bahari aliyerudi nyumbani Mbeya, mbali na pwani, anaweza kupata mafunzo na ufadhili. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema nianze na kozi za bure za mtandaoni za OceanTeacher, zilizo chini ya IOC, tume ya bahari ya UNESCO, alinisaidia mno, cheti ninacho. Nikafuata pia ushauri wa kujitolea kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) kilichopo Kyela. Ziwa Nyasa ni maji baridi, lakini kupima samaki, kuandika takwimu na kuzungumza na wavuvi mwaloni ni kazi ile ile, na ndiyo iliyojaza wasifu wangu.

Ufadhili wa POGO-SCOR, mashirika mawili ya kimataifa ya utafiti wa bahari, sikufanikiwa, ushindani ni mkubwa. Ufadhili huo unakupeleka taasisi nyingine mwezi mmoja hadi mitatu, na lazima uwe umeshakubaliana na mwenyeji. Mtafuteni mapema, maana kuandikiana naye kunakula muda kuliko fomu yenyewe.

Sasa naandaa andiko la kuomba MARG, ruzuku ya utafiti ya WIOMSA (chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi). Dada wa Zanzibar uliyejitolea kulisoma, Mungu akubariki, rasimu nakutumia wiki hii.